Mkandarasi anasema zege lake halihitaji kumwagiliwa maji. Je, nimwamini?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina kiwanja mjini Kasese, na kwa mafao yangu ninataka kujenga nyumba ya kupangisha yenye ghorofa moja juu na roshani inayotazama barabara. Wakandarasi wawili wameniletea makadirio. Wa kwanza amepanga kuacha mbao na miti ya kuegemeza chini ya slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, kwa wiki tatu. Wa pili ananipunguzia shilingi milioni 6. Anasema atatumia saruji ya 42.5, ambayo ni kali kiasi kwamba mbao zitatolewa baada ya siku saba zikatumike upande mwingine, na kwamba kumwagilia maji si lazima, kwa sababu zege likishakauka limekauka. Shemeji yangu, aliyewahi kujenga Bwera, ananiambia nyufa zote hutokana na saruji mbaya, basi nichague saruji ya kampuni nzuri nisihangaike na mengine. Nondo na mchanga nitanunua mwenyewe. Ninapaswa kujua nini kuhusu zege kabla ya kutia sahihi?"

Jibu:

Mwalimu, nimelisoma swali lako kwa makini, na nadhani linabeba hofu ambayo wajenzi wengi wa mara ya kwanza wanayo lakini hawaisemi: unakwenda kukabidhi akiba ya miaka yote ya kazi kwa mtu ambaye huna njia ya kuipima kazi yake, kwa sababu zege likishamwagwa na kupigwa lipu hufunika kila kosa lililofanyika ndani yake. Nitakujibu moja kwa moja kwanza, kisha nieleze sababu. Makadirio ya mkandarasi wa pili usiyatie sahihi kama yalivyo. Simwiti mwongo, na huenda ni fundi mwenye mkono mzuri, lakini mambo mawili aliyokuambia, la siku saba na la kutomwagilia, yanapingana na jinsi zege linavyopata nguvu, na nadhani sehemu kubwa ya hizo milioni 6 inatoka hapo.

Zege halipati nguvu kwa kukauka. Chembe za saruji zikikutana na maji huanza mmenyuko wa kikemikali unaotengeneza madini mapya, madogo mno kuonekana kwa macho, ambayo huota kutoka kila chembe na kusukana na ya jirani yake hadi yakaushikamanisha mchanga na kokoto kuwa jiwe moja. Mmenyuko huo hutoa joto, ndiyo maana ukiweka kiganja juu ya zege nene asubuhi baada ya siku ya kumwaga utalihisi lina uvuguvugu. Huwa na kasi katika siku za mwanzo, kisha hupunguza mwendo na kuendelea kwa majuma na hata miezi, mradi maji yamo ndani. Maji yakitoka, mmenyuko husimama pale ulipofika. Nguzo za madaraja nyingi humwagwa ndani ya maji na hukomaa humohumo bila kukauka hata siku moja, na hakuna anayelalamika kwamba ni dhaifu. Kwa hiyo zege lililokauka siku ya tatu ni zege lililokatiwa safari, na tabaka linaloumia zaidi ni la juu, lile lile linalokanyagwa na wapangaji na linalozilinda nondo. Wewe unajenga Kasese, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, ambako jua ni kali kuliko sehemu nyingi za Uganda, na slabu iliyoachwa wazi mchana mmoja tu hupoteza maji mengi sana. Asiyemwagilia Kabale, kwenye baridi ya milimani, anakosea. Asiyemwagilia Kasese anakosea zaidi.

Kumwagilia kwenyewe kuna namna yake. Kijana anayepita na ndoo asubuhi, kisha akarudi kesho yake, hafanyi kazi unayoilipia, kwa maana slabu hukauka ifikapo saa nne na kukaa kavu mpaka usiku. Inatakiwa ibaki na unyevu muda wote. Njia rahisi kwa slabu ni kujenga kingo ndogo za udongo au mchanga kuizunguka na kutuamisha maji juu yake, kina cha vidole viwili kinatosha. Njia nyingine ni kuifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kisha juu yake kavera (karatasi ya plastiki) nene lililokandamizwa kwa matofali ili upepo usiingie chini. Nguzo zizungushiwe magunia yenye maji na kufungwa kwa kamba. Kwa saruji ya 42.5 siku saba ni kiwango cha chini kabisa, na kwa hali ya Kasese ningekuomba ufike kumi. Kwa saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano kwa wingi, kama zilivyo nyingi za 32.5 zinazouzwa nchini mwetu, fika siku 14, kwa kuwa hukomaa polepole.

Kuhusu hiyo namba 42.5, ambayo imekuwa kama hirizi kwenye maeneo ya ujenzi: maana yake ni nguvu ya chini ambayo saruji lazima ifikie, kwa niutoni katika kila milimita ya mraba, ikijaribiwa maabara ikiwa na umri wa siku 28. Katika jaribio hilo huchanganywa na mchanga maalumu, maji yake huwa nusu kamili ya uzito wa saruji, na vipande vyake hutunzwa ndani ya maji mpaka siku ya kuvunjwa. Mkandarasi anayekuambia kwamba 42.5 haihitaji maji anatumia namba iliyopatikana kwa kuilaza saruji majini. Ninakubaliana naye kwamba 42.5 ndiyo inayofaa kwa slabu, boriti na nguzo, na kwamba 32.5 ibaki kwenye kujengea matofali na kupiga lipu, ila namba iliyoandikwa kwenye mfuko haihami yenyewe kuingia kwenye zege lako. Kampuni gani? Nunua yoyote yenye alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, mfuko ambao haujapigwa na maji, usiokaa ghalani zaidi ya miezi mitatu, na ambao ukiuminya hauna mabonge. Zaidi ya hapo sioni sababu ya wewe na shemeji kubishana.

Sasa hizo siku saba. Zege lililotunzwa vizuri kwa saruji ya 42.5 huwa limepata takriban theluthi mbili ya nguvu yake ikifika siku ya saba. Lisilotunzwa huwa na pungufu. Tuchukue chumba kimoja cha mita 4 kwa 3.5 chenye slabu ya sentimita 15. Zege lililoimarishwa kwa nondo huwa na uzito wa kilo 2,400 hivi kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo slabu ya chumba hicho pekee ina tani tano, kabla hata ya kuweka kitanda au ukuta juu yake. Na tatizo haliishii kwenye uzito wake wenyewe, kwa sababu mafundi wakiona mbao zimetoka huanza siku hiyohiyo kupandisha matofali ya ghorofa ya juu na kuyarundika katikati ya chumba. Slabu changa inaweza isianguke, na mara nyingi haianguki, lakini hupinda kidogo na kupasuka kwa chini, na mpindo huo haurudi tena.

Nimtendee haki mkandarasi wa pili kwa jambo moja. Mbao za pembeni, zile zinazozuia kingo za boriti na nguzo, zinaweza kutolewa baada ya siku moja au mbili bila madhara, akazitumie kwingine. Pia kwenye miradi mikubwa miti hutolewa mapema wakati mwingine, ila hufanyika baada ya vipande vya majaribio vya zege hilo kuvunjwa maabara na mhandisi kuridhika na matokeo. Bila ushahidi huo, miti iliyo chini ya slabu ikae siku 14 kwa uchache, na iliyo chini ya boriti na roshani siku 21. Wakati wa kuitoa, ianzwe katikati ya chumba kuelekea kwenye kuta. Kwa roshani ianzwe kwenye ncha ya nje kurudi ukutani, kwa sababu ukianzia ukutani ncha itabaki imeegemezwa na slabu itapinda kinyume cha ilivyosanifiwa.

Jambo la maji ya kuchanganyia ndilo ninaloliweka juu ya yote, na makadirio yako yote mawili hayakuligusa hata kwa mstari mmoja. Saruji huhitaji maji kidogo kwa ajili ya mmenyuko, pungufu ya nusu ya uzito wake. Maji yote yanayozidi hapo huwekwa ili mchanganyiko uwe laini wa kumimina, na baadaye hutoka yakiacha vijitundu visivyoonekana, ambavyo ndivyo udhaifu wenyewe. Mfuko wa kilo 50 unataka lita 25 hivi, yaani dumu moja la lita 20 na robo yake, ukihesabu pamoja na maji yaliyokwisha kuwa kwenye mchanga. Vibarua wakimimina madumu mawili kwa mfuko, jambo linalofanyika kila siku kwa sababu zege jepesi hupunguza maumivu ya mgongo, nguvu ya zege hushuka hadi karibu nusu. Saruji ni ileile, kokoto ni zilezile, gharama ni ileile, na nguvu nusu imepotea kwa maji yasiyofika dumu moja. Ukiona maji yamesimama juu ya zege lililomwagwa, kokoto zimezama na ute wa kijivu unavuja kwenye nafasi za mbao, hapo maji yamezidi. Zege zuri likirundikwa kwa beleshi hukaa kama rundo, na likitikiswa hulegea na kutambaa. Ikiwa nondo zimebanana na zege halipenyi, kuna dawa za kulainisha zege zinazopimwa kwa kiasi kidogo kwa kila mfuko. Ni heri kuzinunua kuliko kuongeza maji. Na zege lililokaa zaidi ya saa moja hivi na kuanza kukaza lisirudishiwe maji likakorogwa upya. Litupwe, au lijaze shimo lisilo na kazi.

Vipimo vya mchanganyiko nadhani umevisikia. Kipimo cha 1:2:4, saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, hutumia mifuko sita na kidogo kwa mita moja ya ujazo na kinatosha kwa sakafu ya chini na misingi mepesi. Kwa slabu ya ghorofa, boriti na nguzo wahandisi wengi huomba 1:1.5:3, ambayo hula mifuko minane. Waulize wakandarasi wote wawili ni kipi wamekipigia hesabu, kwa maana tofauti ya karibu mifuko miwili kwa kila mita ya ujazo inaweza kufichwa ndani ya jumla ya fedha bila wewe kuiona. Kisha uliza watapima kwa nini. Toroli halipimi kitu, kwa kuwa moja hujazwa kichuguu na jingine huletwa nusu. Mfuko mmoja wa saruji ni lita 35 hivi, kwa hiyo seremala akutengenezee boksi la mbao lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 35 na kina cha 25, ambalo ni lita 35 kamili, na kila kitu kipimwe kwa boksi hilo likiwa limepitishwa ubao juu likawa sawa. Mchanga wenye unyevu huvimba, pengine kwa robo nzima ya ujazo wake, na pia hubeba lita kadhaa za maji ndani yake. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, anayesimamia lazima aongeze kidogo kipimo cha mchanga na kupunguza maji ya dumu.

Umesema mchanga utanunua mwenyewe. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo hadi robo tatu, tikisa kwa nguvu na uiache saa tatu mahali pasipoguswa. Mchanga utatua chini na tope litajipanga juu yake kama mstari laini wa rangi tofauti. Pima kwa rula: tope likizidi sehemu 8 kwa kila sehemu 100 za mchanga, gari hilo lirudi lilikotoka au mchanga uoshwe, kwa sababu tope hujipaka kwenye kokoto na kuzuia saruji kuzishika. Fanya hivyo kabla gari halijamwaga, wala usione haya kumfanya dereva asubiri; unaweza kwenda machimboni siku moja kabla na chupa yako.

Kwa Kasese kuna jambo la ziada ambalo mtu wa Mukono hana haja ya kuliwaza. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yamerundikwa kandokando ya mto Nyamwamba, na mafuriko yamekuwa yakiyasomba na kuyachanganya na mchanga wa mto huo. Mabaki ya namna hiyo huwa na madini ya salfa ambayo yakikutana na hewa na maji huzaa asidi na salfeti. Salfeti ikiingia kwenye zege humenyuka na saruji iliyokwisha kuganda na kutengeneza fuwele zinazovimba, na zege hupasuka kutoka ndani baada ya miaka michache. Sisemi kwamba kila mchanga wa Nyamwamba ni mbaya. Ninasema usiuchukue kwa mazoea: ama upimwe maabara, ama uchukue mchanga wa mto mwingine usiopita kwenye mgodi. Ikiwa kiwanja chenyewe kipo upande ambako mafuriko yaliacha tope la rangi ya kutu, mweleze mhandisi kabla ya kuchimba msingi, kwa maana huenda akabadilisha hata aina ya saruji ya msingi.

Kokoto ziwe ngumu, zenye pembe, safi, zisizozidi milimita 20. Mawe ya mtoni yaliyo mviringo na laini hayashiki vizuri kama yaliyopondwa.

Nondo zinahitaji mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi, ya milimita 10 kilo 7.4, na ya milimita 16 karibu kilo 19. Zipo nondo zilizovutwa zikawa nyembamba kuliko zinavyotajwa, na jicho halitambui tofauti ya milimita moja, lakini mizani ya muuza kahawa hutambua mara moja. Pima tano bila kuchagua. Zikiwa pungufu kwa kiasi kikubwa, usinunue hata kama bei inavutia.

Roshani yako ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi zaidi, na nakuomba uisome sehemu hii mara mbili. Slabu ya chumba imeshikwa pande zote, huvutika kwa chini katikati, kwa hiyo nondo zake kubwa hulala chini. Roshani imeshikwa upande mmoja tu, huning'inia, na uzito wake huivuta sehemu ya juu karibu na ukuta. Nondo zake kubwa lazima ziwe juu, na lazima ziingie ndani ya slabu ya chumba kwa urefu ambao mhandisi ameuonyesha kwenye mchoro. Zege lenyewe halina uwezo wa maana wa kuvutwa. Kazi hiyo yote ni ya chuma. Sasa tazama kinachotokea siku ya kumwaga. Nondo za juu zimefungwa vizuri asubuhi, zimesimamishwa juu ya viti vya chuma. Vibarua wanapita na karai za zege, wanakanyaga palepale karibu na ukuta kwa kuwa ndiko njia ilipo, viti vinalala, na ikifika saa sita nondo zote zimeshuka zikalala juu ya mbao. Zege linamwagwa juu yake, linasawazishwa, linapendeza. Mbao zikitolewa roshani inasimama kwa muda kwa nguvu ndogo ya zege lenyewe, na siku watu wanane wanapotoka nje kutazama harusi ikipita barabarani, inavunjika ukutani bila onyo. Dai viti vya chuma kila nusu mita, dai ubao wa kupitia uliowekwa juu ili watu wasikanyage nondo, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kutazama nondo za roshani tu.

Tabaka la zege linalofunika nondo nalo lina kazi. Ndani ya zege kuna ualkali mkali unaokinga chuma kisishike kutu, lakini hewa hupenya polepole miaka kwa miaka na kuumaliza ualkali huo kuanzia juu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoiunda, kwa hiyo humega zege na kulibandua. Kwa slabu ya ndani acha milimita 20 hadi 25 chini ya nondo, kwa boriti 25 hadi 30, kwa nguzo 40, kwa msingi 50 au zaidi. Nafasi hiyo ishikiliwe na vitofali vidogo vya zege vilivyofyatuliwa mapema kwa kipimo. Vipande vya matofali ya kuchoma na vijiti havifai.

Eneo lenu pia ni la matetemeko. Lile la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 katika Toro na ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na mwaka 1994 eneo la Fort Portal lilitikiswa tena. Kwa hiyo ringi za nguzo, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka na kuzifunga nondo, ziwe za karibukaribu, hasa chini na juu ya nguzo inapokutana na boriti, na ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege badala ya kuachwa zimekunjwa pembe tu. Hili lipo kwenye mchoro wa mhandisi yeyote makini, na ndilo fundi hulipunguza kwanza akiona ringi zimekuwa nyingi.

Zege likishamiminwa lazima lishindiliwe kwa mashine ya kutetemesha, ile ambayo mafundi huiita vaibreta, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani ni adui mkubwa: asilimia 5 tu ya nafasi tupu hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 30. Mbao zikitolewa ukaona matundu kama sega la nyuki na nondo zinachungulia, usikubali yapigwe lipu kabla mhandisi hajayaona. Kukodi mashine mbili badala ya moja, ili moja ikizima kazi isisimame, ni fedha ndogo.

Nimrudie shemeji na nyufa zake. Nyufa nyembamba zilizotapakaa juu ya slabu ndani ya saa chache za kwanza hutokana na jua na upepo kukausha uso kabla zege halijakaza. Dawa yake ni kumwaga alfajiri au jioni, kulowesha mbao kabla, na kufunika mara tu uso unaposawazishwa, na nyingi ya hizo si za kuogopesha. Nyufa za lipu ni za lipu. Zinazohitaji mtu aje azione kwa macho ni zile zilizo chini ya slabu katikati ya chumba zinazozidi kupanuka, zinazokwenda mshazari kwenye boriti karibu na nguzo, zinazofuata mstari wa nondo zikiwa na rangi ya kutu, na yoyote iliyo juu ya roshani sambamba na ukuta. Hiyo ya mwisho ukiiona, mtu yeyote asisimame juu wala chini ya roshani mpaka mhandisi afike.

Tuje kwenye uamuzi wako. Huna haja ya kumfukuza mkandarasi wa pili. Mpe nafasi ya kukadiria upya kazi ileile aliyoikadiria mwenzake, kwa maana hivi sasa unalinganisha kazi mbili tofauti. Mwandikie yote kwenye mkataba: saruji ya 42.5, kipimo cha 1:1.5:3 au kile atakachotaja mhandisi, kupima kwa boksi, maji kwa dumu yenye alama, mashine ya kuchanganyia na ya kutetemesha, siku za kumwagilia na nani analipwa kuifanya, siku za miti kubaki chini, na malipo kwa hatua zilizokaguliwa. Shikilia asilimia 5 hadi 10 ya fedha kwa miezi sita baada ya kumaliza. Akirudi na bei iliyokaribiana na ya wa kwanza, utajua milioni 6 zilikuwa nini. Akikubali yote kwa bei yake ya awali, muulize amepunguza wapi, na umsikilize vizuri anavyojibu.

Kununua vifaa mwenyewe, kama ulivyopanga, hukulinda dhidi ya kupunjwa saruji na nondo, lakini kuna gharama yake, kwa kuwa kasoro ikitokea mkandarasi atasema mchanga ulikuwa wako. Ukienda njia hiyo, mkandarasi akague na kusaini kila gari linapofika. Kama afya au safari hazikuruhusu kuwa kiwanjani kila siku, ni afadhali mkandarasi alete kila kitu na wewe umlipe mhandisi wako mwenyewe afike kukagua.

Siku ya kumwaga slabu, mhandisi huyo atengeneze vipande vya majaribio vya pembe mraba vya milimita 150, sita vinatosha kwa nyumba yako, vitatu vivunjwe siku ya 7 na vitatu siku ya 28. Maabara kuu ya vifaa vya ujenzi ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ipo Kireka, na vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo navyo vinafundisha kazi hii. Mhandisi wako atajua pa karibu zaidi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na slabu moja ya kuvunjwa.

Kuna yale ambayo siwezi kukuamulia kutoka mbali: unene wa slabu, ukubwa wa nondo, urefu wa roshani na kina cha msingi hutegemea udongo wa kiwanja chako na mchoro wa jengo lako. Hayo yafanywe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na muombe akuonyeshe leseni yake ya mwaka huu. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inakutaka uwe na kibali cha ujenzi kutoka kwa kamati ya majengo ya eneo lako kabla ya kuanza, na kibali cha kuingia kabla wapangaji hawajahamia. Anza na ofisi ya manispaa, na mahali penye utata kuna bodi ya taifa ya majengo, NBRB. Mhandisi aje angalau mara nne: msingi ukishachimbwa kabla ya kumwaga, nondo za nguzo zikishafungwa, nondo za slabu na roshani zikishapangwa, na siku ya kutoa miti. Ukaguzi wa nondo za slabu ufanyike asubuhi ileile ya kumwaga, na asipofika, ahirisha kazi, hata kama vibarua wamekwisha kukusanyika na mashine imekodiwa.